Uji mwekundu wa Wajerumani haupikwi kama jeli

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi ulileta "jeli ya beri ya Kijerumani" na kuagiza mambo matatu: beri zichemshwe dakika 20 mpaka zivurugike, sufuria iwe yoyote iliyopo, na mwishoni itiwe jelatini ili igande. Atakayefuata maagizo hayo atapata kitu chekundu kinachotikisika, na huenda kikawa kitamu, lakini mtu wa Hamburg au Kiel akikiona hatakijua. Chakula kilichokusudiwa pale ni Rote Grütze, na Rote Grütze ni uji. Barua hii imezidi urefu wa kawaida wa barua za wasomaji. Mtuwie radhi, vipimo havifupishiki.

Jina lenyewe linatosha kuwa ushahidi. "Grütze" ni chenga: shayiri, oti au nafaka nyingine iliyovunjwavunjwa bila kufikia kuwa unga. Chenga hizo ndizo zilizokuwa zikipikiwa uji kaskazini mwa Ujerumani, na msimu wa beri ulipofika zilipikwa kwa juisi yake. "Rote" ni nyekundu. Kijerumani cha Chini, lugha ya asili ya pwani ile, husema Rode Grütt. Wadani husema rødgrød kwa maana ileile, na huwatania wageni kwa kuwataka watamke "rødgrød med fløde", uji mwekundu kwa krimu, bila kujing'ata ulimi. Kugombania nani alianza hakuna faida: Schleswig na Holstein zilikuwa chini ya mfalme wa Denmark mpaka 1864, na Altona, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Hamburg, ilikuwa yake pia.

Siku hizi chenga zimeachwa karibu kabisa. Nafasi yake ilichukuliwa na suji na sago, kisha wanga wa viazi na wa mahindi. Suji bado ina watu wake. Kwa lita moja ya juisi iliyochujwa hutiwa gramu 70, inanyunyizwa kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha inapikwa kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Hutoka uji mzito, wekundu wake umefifia, una punje ulimini. Ndio ulio karibu zaidi na jina, ingawa machoni haupendezi sana. Sago hutiwa gramu 60 hadi 70 kwa lita na huhitaji dakika 15 hadi 20, mpaka punje ziwe angavu na lile doa jeupe la katikati lipotee. Ukiondoa sufuria doa likiwa bado lipo, mlaji atatafuna kitu kama chaki. Sago inayouzwa Ujerumani leo kwa kawaida ni wanga wa viazi uliofanywa punje. Ile ya muhogo, tapioka, hufanya kazi hiyohiyo.

Jikoni kwa watu wengi lakini ni wanga mtupu, na hapo ndipo mapishi ya magazetini huharibika, kwa sababu yanaandika "wanga" tu kana kwamba wote ni mmoja.

Chembe za wanga wa viazi huanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 hivi. Hunywa maji mengi, na uji wake hutoka angavu, beri zinaonekana ndani kama zilizowekwa kwenye kioo. Udhaifu wake ni kwamba haupendi kuchemka sana. Ukiuacha utokote na huku unaukoroga kwa nguvu, chembe zilizovimba hupasuka, na uji uliokuwa mzito hurudi kuwa mwepesi mbele ya macho yako. Hapo mpishi huongeza wanga, nao unapasuka vilevile, mwisho anapata uji mwingi wenye ladha ya viazi. Wanga wa mahindi, ule ambao wengi huuita kornflawa, una tabia ya kinyume. Lazima uchemke hasa, dakika moja hadi mbili, la sivyo hubaki na ladha ya unga mbichi. Moto unaustahimili, lakini una ukungu, wekundu wa beri hugeuka kuwa wa waridi, na ukilala friji siku mbili hutoa maji pembeni. Wanga wa muhogo ni angavu kama wa viazi, ila huvutika: ukiinua kijiko, uji unakifuata kama mlenda. Ukichanganywa nusu kwa nusu na wa mahindi, mvuto hupungua. Tukiulizwa tuchague, tunachagua wa viazi, na tunausimamia.

Uchachu nao hula wanga. Beri ni chachu, na uchachu ukikutana na moto wa muda mrefu hukatakata wanga mpaka ushindwe kushika maji. Ndiyo maana wanga hutiwa mwishoni, dakika za mwisho kabisa, na maji ya limau, kwa anayeyataka, hutiwa sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa.

Kitu kingine hakitajwi kabisa kwenye mapishi: mate. Kijiko kilichoonjewa kikarudishwa ndani ya uji huacha kimeng'enya kinachoyeyusha wanga, na bakuli lililokuwa limeshika jioni hukutwa asubuhi lina maji chini. Yeyote aliyetia kimea kwenye uji wa mtoto ili uwe mwepesi ameshaiona kazi hiyo. Kimeng'enya cha kimea na cha mate ni cha jamii moja. Onja kwa kijiko kingine kila mara. Kwa sababu hiyohiyo, uji mwekundu haurudishwi kwenye bakuli kubwa kutoka sahani ya mtu aliyekwisha kuula.

Sasa beri zenyewe. Uti wa mgongo wa chakula hiki ni beri ndogo nyekundu zinazoning'inia kwenye kikonyo kama shanga, ambazo Wajerumani huziita Johannisbeeren, yaani beri za Yohane, maana huanza kuiva karibu na sikukuu ya Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni. Zina uchachu mkali na zina pektini nyingi, kwa hiyo zenyewe tu husaidia kushikamanisha uji. Bila hizo Rote Grütze huwa tamu isiyo na makali, na hata sukari ikipunguzwa bado inachosha baada ya vijiko vitatu. Zinafuata rasiberi kwa ajili ya harufu, na cheri chachu kwa ajili ya kitu cha kutafuna. Stroberi hutiwa chache: huleta harufu nzuri, lakini zikipata moto hupauka na kuwa kama sifongo. Beri za Yohane nyeusi zina harufu kali, gramu 100 zikizidi hufunika nyingine zote. Bluberi haziharibu, ila hugeuza rangi kuelekea zambarau na haziongezi ladha ya maana, tunaziacha.

Kwa watu sita hadi wanane:

Beri kilo 1 baada ya kusafishwa: beri za Yohane nyekundu gramu 300, rasiberi gramu 250, cheri chachu zilizotolewa kokwa gramu 250, stroberi gramu 200.
Juisi ya cheri chachu au ya beri za Yohane, mililita 400.
Sukari gramu 100 hadi 120.
Wanga wa viazi gramu 40, au wa mahindi gramu 50.
Nusu ganda la vanila, kipande cha ganda la limau kisicho na weupe, chembe ya chumvi.

Kipimo hicho ni cha uji wa kuteka kwa kijiko, unaotambaa polepole ukiinamisha bakuli. Wazee walipenda uji wa kumimina kwenye chombo na kuupindua sahanini ukabaki na umbo lake. Huo unataka wanga zaidi, na beri ziwe zimechujwa.

Beri za Yohane huoshwa zikiwa bado kwenye vikonyo, ndipo zinatolewa: shika kikonyo kwa juu, pitisha meno ya uma kutoka juu kwenda chini juu ya bakuli, zitadondoka zenyewe. Ukizitoa kwanza halafu ukaziosha, zile zilizopasuka hupoteza juisi yake kwenye maji. Vikonyo visibaki ndani, vinaleta ukakasi. Rasiberi ni tupu katikati na hunywa maji kama kikombe, basi zisilowekwe. Chagua zilizooza uzitoe, suuza upesi kwenye chujio, zitandaze juu ya kitambaa. Stroberi huoshwa na kikonyo chake, ndipo hukatwa kichwa, na kubwa zikagawanywa mara mbili au nne.

Kabla ya kuwasha moto, teka mililita 100 za ile juisi ikiwa baridi, uvuruge wanga humo mpaka usione donge. Iwe baridi kweli: wanga ukikutana na kimiminika cha moto, nje ya donge huiva na ndani hubaki unga mkavu, na donge hilo halivunjiki tena. Weka kando.

Juisi iliyobaki, sukari, chumvi, vanila iliyopasuliwa na kukwanguliwa, na ganda la limau viende sufuriani. Vikichemka tia cheri, ziache dakika 4 au 5. Tia beri za Yohane, dakika 2, mpaka uone ngozi za baadhi zimeanza kupasuka. Toa ganda la vanila na la limau. Punguza moto. Koroga tena bakuli la wanga, maana kwa muda huo utakuwa umetuama chini na juu pamebaki juisi tupu. Wengi humimina ile juisi ya juu, wakaacha wanga mwingi umeganda chini ya bakuli, kisha wakalaumu kipimo. Mimina kwa uzi mwembamba huku mkono mwingine ukikoroga kuzunguka hadi chini kabisa. Ongeza moto. Kama ni wanga wa viazi, mapovu makubwa mazito yakipanda mara ya kwanza, epua hapo hapo. Kama ni wa mahindi, hesabu dakika moja na nusu ya kuchemka, ukikoroga usishike chini.

Sufuria ikiwa imeepuliwa, tia rasiberi na stroberi mbichi, uzigeuze mara tatu nne kwa mwiko mpana, kama anayegeuza kitu kilicholala. Joto lililomo linazitosha. Hapo tu ndipo rasiberi hubaki nzima na harufu yake hubaki chakulani. Zile za dakika 20 za ukurasa wenu harufu yake yote imekwenda na mvuke, na mbegu zimebaki zinaingia menoni.

Uzito usipimwe kwa kuangalia sufuria. Uji huu ukiwa wa moto huonekana mwepesi, kama uji wa mgonjwa, na anayeogopa huongeza wanga akajikuta kesho ana mpira. Weka kijiko kimoja juu ya kisahani kilichokuwa friji, ngoja dakika tatu, pitisha kidole katikati: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kuzibika, umefika. Kama kweli ni mwepesi, usirudishe wote motoni. Chemsha mililita 150 za juisi pembeni, uifanye nzito kwa gramu 10 za wanga, changanya humo. Ukiwa mzito mno baada ya kupoa, ongeza juisi baridi kijiko kimoja kimoja, na ugeuze kwa upole, kwa sababu wanga uliokwisha kuganda ukisumbuliwa sana hukatika na hauungi tena.

Mimina kwenye bakuli lililosuuzwa kwa maji baridi, nyunyiza kijiko cha chai cha sukari juu ili usifanye utando, funika. Usubiri upoe mezani si zaidi ya saa mbili, kisha friji saa nne au zaidi. Usiukoroge katikati ya safari hiyo. Siku ya pili ladha yake ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu beri zimeshapata muda wa kubadilishana maji na uji. Siku ya tatu bado ni mzuri. Baada ya hapo huanza kuchachuka na kutoa maji. Haugandishwi kwenye friza. Uliopikwa kwa wanga wa mahindi ukiyeyuka huwa kama sifongo kinachovuja. Anayetaka akiba agandishe beri, si uji.

Na beri zilizogandishwa zina kanuni yake, ambayo tungeomba isipuuzwe. Septemba na Oktoba 2012, karibu watu 11,000 katika majimbo matano ya mashariki mwa Ujerumani, wengi wao watoto wa shule na wa vituo vya kulelea watoto, walitapika na kuharisha kwa sababu ya virusi vya noro vilivyokuwamo kwenye stroberi zilizogandishwa kutoka China. Baridi haiui virusi hivyo. Kwa hiyo ile desturi ya kutia rasiberi sufuria ikiwa imeepuliwa ni ya beri mbichi zilizooshwa. Zilizogandishwa zipitie nyuzi 90 au zaidi, zote, mpaka katikati ya beri. Zaidi ya usalama kuna sababu ya upishi: ukitupa nusu kilo ya barafu ndani ya uji uliokwisha kushika, joto linashuka ghafla, beri zinaachia maji, na uji unakuwa supu. Ziyeyushie kwenye chujio juu ya bakuli, ndani ya friji, usiku kucha. Pima maji yaliyodondoka, yatie kwenye hesabu ya zile mililita 400, na kama yamefika mililita 200 basi juisi ya dukani itiwe 200 tu. Chemsha beri zote pamoja na juisi kwanza, ndipo utie wanga. Rasiberi zitavunjika kiasi. Hakuna njia.

Cheri chachu hata Ujerumani kwenyewe wengi hutumia za chupa, mwaka mzima. Chupa ya mililita 720 ikichujwa hutoa gramu 350 hivi za cheri, na maji yake ni juisi tayari, ila yametiwa sukari: shusha sukari ya kipimo chetu hadi gramu 70, kisha uonje. Cheri hizo zimeshaiva, haziendi motoni dakika tano. Zitie pamoja na beri za Yohane.

Kuhusu "sufuria yoyote": sufuria nyingi za nyumbani Afrika Mashariki ni za aluminiamu, na kwa uji huu ndizo mbaya kuliko zote. Uchachu wa beri hukwangua aluminiamu, ndiyo maana sufuria nyeusi ndani hutoka inang'aa baada ya kupikia kitu kichachu, na kilichokwanguliwa kimo chakulani. Ulimi hukipata kama ladha ya sarafu. Rangi nayo hufifia, kwa kuwa rangi ya beri ni nyepesi kubadilika: kwenye uchachu ni nyekundu, uchachu ukipungua huelekea zambarau na samawati, na ikigusana na madini fulani hupoteza mng'ao. Chuma cha pua ndicho kinachofaa, au sufuria iliyopakwa enameli isiyo na sehemu iliyobanduka. Mwenye aluminiamu tu apike haraka, amimine kwenye bakuli la kioo au la udongo mara moja, na asithubutu kuuacha ulale sufuriani. Magadi au baking soda "kupunguza uchachu" yasikaribie kabisa. Rangi itageuka kuwa ya wino.

Kitoweo chake ni kimoja kati ya vitatu: krimu baridi isiyopigwa, maziwa baridi, au mchuzi wa vanila. Aiskrimu ya vanila ni ya mahotelini. Sisi tuko upande wa krimu, kwa sababu haina sukari na inauacha uchachu wa beri useme wenyewe, lakini Ujerumani walio wengi watachagua mchuzi, basi nao ni huu: maziwa mililita 500, viini vitatu vya mayai, sukari gramu 40, wanga wa mahindi gramu 10, nusu ganda la vanila. Vanila ya Uganda au ya Bukoba inafaa bila shaka yoyote. Chemsha maziwa na vanila, ufunike dakika 15. Piga viini na sukari na wanga kwa vijiko vinne vya maziwa baridi uliyoyatenga. Mimina maziwa ya moto juu ya viini huku unapiga, si viini kwenye maziwa, kisha rudisha vyote sufuriani na ukoroge kwa moto mdogo mpaka mchuzi uvae mgongo wa mwiko na uchemke kidogo. Ule wanga kidogo ndio unaozuia mayai yasigandamane. Bila wanga usipite nyuzi 82, la sivyo utapata mayai ya kuvuruga. Chuja, upoze. Mchuzi uwe mwepesi kuliko uji. Vikilingana uzito, mdomoni havitofautiani.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiyepata beri za Yohane asikate tamaa, ila ajue anachokosa ni uchachu na rangi, si utamu. Rozela kavu ina vyote viwili. Gramu 25 zichemshwe kwa mililita 450 za maji dakika 5, zichujwe, na maji hayo yashike nafasi ya juisi. Sukari ipande hadi gramu 150. Forosadi na stroberi zishike nafasi ya beri. Forosadi peke yake, bila rozela wala limau, ni tamu tupu na uji wake haukumbukwi. Vikonyo vya forosadi vikatwe kwa mkasi, moja moja, kazi ya kuchosha. Kitakachotoka ni ndugu wa Rote Grütze, na hakuna ubaya kukiita hivyo.

Imebaki jelatini. Rote Grütze haina jelatini, wala haikuwahi kuihitaji, na tofauti yake haiishii kwenye mtikisiko. Wajerumani hupika pia uji wa kijani kwa matunda kama kiwi; ukitia humo kiwi ambazo hazikupata moto, kisha ukajaribu kuugandisha kwa jelatini, hautaganda, kwa sababu kiwi mbichi, kama nanasi na papai, ina kimeng'enya kinachoyeyusha jelatini. Wanga haukihofii. Jambo zito zaidi ni kwamba jelatini inayouzwa Ujerumani, ikiwa haikuandikwa vinginevyo, kwa kawaida hutokana na ngozi ya nguruwe, na wasomaji wenu wengi ni Waislamu. Ukurasa wenu uliwaagiza watie "pakiti mbili za jelatini ya Kijerumani kwa ladha halisi". Tunaomba sahihisho la sentensi hiyo lichapwe mahali palepale ilipotokea, hata kama barua hii mtaikata.

Wapishi wawili, wasomaji wenu,
Hamburg, Ujerumani